Mifuko Iliyoshonwa ya Hifadhini

Sina haja ya kueleza nilivyofika Hifadhini. Aliyewahi kuaibishwa mbele ya watu anaijua njia ya kwenda huko, na mimi nilikuwa nimeaibishwa vizuri.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya utabibu, nikijifunza kazi wadini katika hospitali moja ya kwetu. Siku moja, mbele ya wagonjwa ishirini, nilichomoa kijitabu changu cha mfukoni nitazame dozi. Daktari aliyekuwa akituongoza akanitazama kama amenikuta na mkono ndani ya sufuria ya jirani. "Unasoma nini hapa?" akasema. "Hii ni maktaba?" Wagonjwa wakacheka. Wenzangu wakacheka, na wao vijitabu vyao wamevibonyeza mifukoni kwa viganja. Nikaapa siku ile kwamba kitabu hakitatoka tena mfukoni mwangu mbele ya mtu yeyote.

Kiapo hicho ndicho kilichonifungulia mpaka. Hifadhini hawaulizi pasi. Ofisa wa mpakani aliniuliza, "Mara ya mwisho kufungua kitabu mbele ya mgonjwa ilikuwa lini?" Nikamtajia siku. "Uliona haya?" Nikamwambia niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Akanigongea muhuri na kunipa mkono.

Sheria yao kubwa ni fupi. Kila mtu anayetibu, kuanzia mwanafunzi wa siku ya kwanza hadi Bingwa Mkuu, lazima abebe katika mfuko wa kushoto wa koti lake jeupe kijitabu kinachoitwa Mwenza. Ni kidogo kama kiganja, jalada lake jekundu, na ndani yake mna kila ugonjwa, kila dawa na kila kipimo kinachojulikana katika nchi ile. Asiye na Mwenza hagusi mgonjwa. Na mfuko unaobeba Mwenza lazima ushonwe mdomo.

Hawaushoni kwa siku moja. Mwanafunzi hushonewa mshono mmoja kila mwezi, kwa uzi wa kijani unaosokotwa na serikali peke yake ili mtu asiweze kuufumua na kuurudisha. Mishono ni thelathini na sita. Mwezi wa kwanza mkono mzima unaingia mfukoni. Mwaka wa pili vinaingia vidole viwili. Mwezi wa mwisho kunabaki tundu la kidole kidogo. Mshono wa thelathini na sita ukipigwa, ngoma zinalia, na mwanafunzi anaitwa daktari. Kila asubuhi Mkaguzi wa Nyuzi, Bwana Hatibu, hupita na kioo cha kukuzia akiinama kwenye vifua vya watu. Uzi ukikutwa umekatika, mwenye koti anavuliwa koti hapo hapo.

Anayeshona ni fundi Chumu, mzee mfupi mwenye cherehani karibu na mlango mkubwa wa hospitali. Alipokuwa akinishonea mimi, mishono yote kwa mpigo kwa kuwa nilikuwa mgeni wa heshima, nilimuuliza faida ya kubeba kitabu kisichofunguliwa.

"Ukiwa huna kitabu, wewe mjinga," akasema, sindano ipo mdomoni. "Ukikifungua, wewe mjinga vilevile, maana hukukijua. Mwenye elimu ni yule aliye nacho na hakihitaji."

"Na akisahau?"

Fundi Chumu akatoa sindano mdomoni. "Kijana, hapa hatutumii neno hilo karibu na wagonjwa."

Nakiri kwamba jibu lile lilinifurahisha.

Sasa, kama kitabu hakifunguliwi, wanatibuje? Wanatibu kwa mashairi. Kila dawa ina ubeti wake wa mistari minne, wenye vina vya kati na vya mwisho na mizani kumi na sita kila mstari. Bingwa anafika kitandani, anataja jina la dawa, na wanafunzi wanaimba ubeti wake kwa pamoja. Dozi imo ndani. Mgonjwa anapiga makofi, dawa inapimwa, raundi inasonga mbele. Wagonjwa wa Hifadhini huchagua daktari kwa sauti yake. Nilimwona mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, mtu mwenye mikono mizuri kuliko wote, anapangiwa kufunga vidonda tu.

Nchi inatawaliwa, kwa mambo ya afya, na Baraza la Kumbukumbu. Nilihudhuria vikao vyake viwili. Katika cha kwanza walijadili ikiwa ugonjwa usio na ubeti ni ugonjwa kweli. Hoja ilikuwa na miaka miwili, na mgonjwa mwenyewe, mchongaji mmoja aliyekuwa akivimba koo, alikuwa ametandikiwa mkeka barazani asubiri uamuzi. Mjumbe mmoja alisema mtu hawezi kuugua kitu ambacho taifa halijakitungia. Mwingine akasema anaweza, lakini ni utovu wa adabu. Wakaahirisha. Mchongaji akakunja mkeka wake, akatuaga kwa ishara ya mkono kwa sababu koo halikumruhusu kusema.

Katika kikao cha pili walisikiliza malalamiko juu ya ubeti wa shwari, na hapo ndipo niliposimama.

Lazima nieleze kitu kimoja. Mimi sikufundishwa ushairi na mtu. Nilijifunza kwa kurasa za mashairi za magazeti ya kufungia maandazi, nikihesabu mizani kwa vidole nikienda shule, na nikifika nimekosea njia. Wenye vyeti vya lugha walinicheka kwa miaka. Sasa nilikuwa katika nchi ambayo mshairi anaitwa wadini kabla ya mtu wa maabara. Nilijiona nimefika kwetu halisi.

Shwari ni dawa yao ya matone, ya kutuliza mtu anayetikisika mwili kwa kifafa. Ubeti wake ulikuwa huu:

Matone haya ya shwari, kila kilo ni mawili,
Hutuliza kwa uzuri, mtikisiko wa mwili,
Mpe asubuhi heri, na jioni mara pili,
Ila mwenye figo mbovu, mpe nusu na usizidi.

Mwenye sikio ameshaona. Mistari mitatu inatembea kama askari wa gwaride, wa nne unajikwaa. Vina vyote viwili vimevunjika na mizani imezidi moja. Wanafunzi walikuwa wakifika pale wanacheka, na wagonjwa wanashusha mikono bila kupiga makofi. Baraza lilisema ni aibu ya taifa.

"Nipeni mpaka jioni," nikasema.

Sikuhitaji mpaka jioni. Nilikaa kwenye benchi nje ya wadi ya nne, pamoja na mwanafunzi aliyepewa kazi ya kunitembeza, Sikudhani. Alikuwa msichana mrefu, mpole wa sauti, mwenye mishono thelathini na mitano kifuani. Wa mwisho alikuwa apigiwe Ijumaa ile, na mama yake alikwishakodi ngoma. Alikuwa na tabia moja: akiwa anawaza huingiza kidole kidogo katika lile tundu lililobaki na kugusa ncha za kurasa. Nilimuuliza kwa nini. "Kuhakikisha kipo," akasema.

Nikamsomea mstari wangu mpya wa nne:

Aamke yu tayari, kurudi kwenye shughuli.

"Mzuri," akasema. Kidole kikaingia mfukoni. "Kaka Ngwali, na ile ya figo?"

"Ile ndiyo iliyokuwa inaharibu."

"Najua. Lakini imekwenda wapi?"

"Daktari mwenye akili ataikumbuka mwenyewe."

"Ataikumbuka kutoka wapi?"

Nikacheka. Nilimwambia aliye na sikio la shairi hababaishwi na mstari mmoja. Hakucheka. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mgeni wa heshima, na yeye alibakiza mshono mmoja.

Baraza liliupokea mstari wangu kwa kusimama. Ubeti wa zamani ukafutwa kwa muhuri, na mimi nikatajwa Malenga wa Wadi.

Jumatano asubuhi hospitali nzima ilikuwa ikiuimba. Niliingia wadi ya nne kifua mbele. Katika kitanda cha tisa alilazwa mama mmoja mnene, mcheshi, aitwaye Bi Mashavu, ambaye alikuwa akipika mihogo ya nazi kwenye lango la soko kabla kifafa na figo havijamlaza. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi ukimbonyeza kidole kinaacha shimo. Alikuwa kitandani wiki ya pili, na wadi nzima ilikuwa ikiendeshwa na mdomo wake.

"Huyu ndiye mtunzi?" akaniuliza. "Mbona mwembamba hivi, mwanangu? Mashairi hayashibishi?"

"Yanashibisha moyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Moyo umeshiba, shavu je? Haya, niimbieni huo mpya, ule wa zamani ulikuwa unaniangusha kitandani."

Bingwa Mwinyikai, mkuu wa wadi, mtu mwenye mvi safi na mfuko uliofungwa miaka thelathini, akataja, "Shwari." Wanafunzi kumi na wawili wakaimba. Walipofika kwenye *kurudi kwenye shughuli*, Bi Mashavu alipiga makofi na kuomba mara ya pili, na mimi, Mungu anisamehe, niliongoza mara ya pili.

Sikudhani ndiye aliyekuwa na kikombe cha kupimia. Bi Mashavu ana kilo hamsini na sita. Kwa wiki nzima alikuwa amepewa matone hamsini na sita. Ubeti mpya ulisema mawili kwa kila kilo, basi. Sikudhani akahesabu. Alipofika hamsini na sita mkono ukasimama. Akamtazama Bingwa. Bingwa akawa anatazama dirishani, anangoja, kwa uso wa mtu anayemwona mwanafunzi aliyesahau wimbo. Akanitazama mimi. Nilikuwa bado natabasamu kwa makofi.

Akaendelea mpaka mia moja na kumi na mbili. Na jioni tena mia moja na kumi na mbili.

Alhamisi asubuhi Bi Mashavu hakututania. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma polepole, na kati ya mkoromo mmoja na mwingine kulikuwa na kimya kirefu. Sikudhani akamwita. Akamfinya bega. Akamkwaruza kifua kwa vifundo vya vidole. Jicho moja likafunguka nusu, likafunga.

"Amelala vizuri," Bingwa Mwinyikai akasema. "Ubeti umefanya kazi. Shwari!"

Wanafunzi wakavuta pumzi waanze kuimba. Sikudhani alikuwa ameshika kikombe, ndani yake matone mia na kumi na mbili ya asubuhi ile. Nikatazama ile miguu iliyovimba, na mstari nilioufuta ukarudi wote, na mizani yake iliyozidi, na vina vyake vibovu. Niliusikia kama mtu anayegonga mlango.

"Msimpe!" nikasema.

Wote wakageuka.

"Figo zake mbovu. Ni nusu. Ilikuwa nusu. Mimi nimeitoa."

Bingwa Mwinyikai akaniuliza kwa upole, "Hiyo imo katika ubeti gani, Malenga?"

"Katika wa zamani."

"Wa zamani umefutwa."

"Basi imo katika Mwenza! Sote tunacho hapa, kumi na watatu kwa hesabu yangu, na cha kwako, Bingwa, cha kumi na nne. Kifunguliwe kimoja."

Ikawa kama kwetu mtu anapotukana msikitini. Mwanafunzi mmoja aliweka mkono juu ya mfuko wake kama amevuliwa nguo. Bwana Hatibu, Mkaguzi wa Nyuzi, aliyekuwa mlangoni, akapuliza filimbi.

Sheria ya Hifadhini inasema mgonjwa na ubeti wakipingana, Baraza linakaa papo hapo. Walifika haraka, wajumbe saba na viti vyao vya kukunja, wakavipanga kuzunguka kitanda cha tisa. Sikudhani alibaki amesimama na kikombe. Nilihesabu pumzi za Bi Mashavu kwa sauti ili wasikie: kumi na moja kwa dakika. Mjumbe wa kwanza akaomba nisihesabu bila mizani.

Walijadili. Mjumbe wa kushoto alisema tabibu anayesoma mbele ya mgonjwa anamfundisha mgonjwa kushuku. Wa kulia akasema ugonjwa ukimwona daktari anatafuta, unapata nguvu. Wa tatu alitaka kujua nani atamheshimu mtu mwenye vichwa viwili, kimoja shingoni na kimoja mfukoni. Nikamuuliza kama kile cha shingoni kinajua la kumfanyia mtu aliyezidishiwa shwari. Akatumwa mwanafunzi mwenye kumbukumbu kubwa kuliko wote, akasimama, akafumba macho, akapitia beti zote mia tisa kimoyomoyo. Alipofumbua alikuwa amekunja uso.

"Hakuna," akasema. "Hakuna ubeti wa kuzidisha. Hakuna aliyewahi kutunga shairi la kukosea."

Pumzi kumi.

Hapo Bingwa Mwinyikai akaja karibu nami na kunishika bega. Sikumwona kama mtu mbaya, wala sasa simwoni hivyo. "Kijana," akasema chini chini, "una kipaji ambacho Hifadhini haijakiona kwa miaka. Kwa nini tugombane? Tunga mstari mwingine. Uwe na figo ndani yake, na uwe mzuri. Baraza litaupitisha sasa hivi. Dozi itarudi nusu, sheria itabaki, Sikudhani atapigiwa mshono wake kesho, na wewe utakaa nasi."

Na mstari ulikuja. Ulikuja kabla hajamaliza kusema, mzima, umevaa:

Figo ikiwa na shari, nusu yatosha kamili.

Hesabu mwenyewe. Nane na nane, vina viwili vimekaa mahali pake. Ni mstari bora kuliko yote niliyowahi kutunga, na nilijua kwamba nikifungua mdomo watasimama tena na kunipigia makofi. Ulikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Lakini Bi Mashavu hakuhitaji tena nusu ya shwari. Alihitaji kitu kingine, na mimi sikukijua, na kati yetu sote hakuna aliyekijua, na kilikuwa kimeandikwa. Kilikuwa sentimita mbili kutoka moyoni mwangu, nyuma ya kitambaa. Tena nilijua kwamba kesho utatokea mgonjwa wa ini, keshokutwa mjamzito, na kila mmoja angengoja mpaka nipate kina.

Nikaumeza mstari wangu. Nikashika mdomo wa mfuko kwa mikono miwili, nikavuta.

Uzi wa serikali ni mgumu. Haukukatika, kitambaa ndicho kilichochanika, pamoja na kipande cha koti hadi mbavuni, na Mwenza akaanguka sakafuni kwa kishindo kidogo. Wajumbe saba wakaziba masikio. Hilo nalo ni sheria: anayesikiliza kitabu kikisomwa ana hatia sawa na anayesoma. Wanafunzi wakaziba. Bwana Hatibu akaziba, filimbi ikiwa mdomoni bado. Bingwa Mwinyikai akaziba pia.

Sikudhani hakuweza kuziba. Alikuwa na kikombe mkononi.

Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa upya. Nilizitenganisha kwa ukucha, nikaipata Shwari, nikashuka mpaka chini kabisa ambako maandishi ni madogo kama sisimizi, nikasoma kwa sauti, bila kuimba. "Ikizidi: acha dawa. Mlaze ubavu. Hesabu pumzi kila baada ya dakika tano. Zikipungua chini ya nane, msaidie kwa mpira wa hewa. Mpe sindano ya mzinduo, alama moja kwa kila kilo."

Sikudhani alimwaga kikombe kwenye beseni. Akaenda kabatini. Alikuwa ameshaanza kuvuta mzinduo katika bomba la sindano, alama hamsini na sita, nami nilikuwa karibu kufunga kitabu kwa furaha ya kukipata. Nikajilazimisha. Nikasoma mpaka nukta ya mwisho.

"Ngoja! Kuna zaidi. Mwenye figo mbovu: robo, na irudiwe baada ya saa moja."

"Robo ya nini?" akauliza Bingwa Mwinyikai.

Alikuwa bado ameziba masikio. Wajumbe saba wakamgeukia polepole. Bingwa akawa mwekundu wa macho, akashusha mikono yake yote miwili, akaja kitandani. "Robo ya hiyo, Sikudhani," akasema. "Alama kumi na nne. Mpe. Mimi nitahesabu pumzi."

Akahesabu, kwa mdomo wake mwenyewe, bila mizani. Tisa. Nane. Nane. Tulimlaza Bi Mashavu ubavu, mimi nikishika yale mabega mazito, koti langu linaning'inia. Tisa. Baada ya saa moja akapewa nyingine. Kumi na mbili. Wajumbe hawakuondoka, maana kikao hakikuwa kimefungwa. Walikaa na vidole masikioni mpaka mikono ikawachoka, na mmoja mmoja wakaishusha wakijifanya wanajikuna.

Saa nane mchana Bi Mashavu akafumbua macho yote mawili. Akatuangalia, viti saba, madaktari, koti langu lililochanika.

"Mbona mmenizunguka?" akasema kwa sauti ya kukauka. "Nani kafa?"

Hukumu yangu haikuchukua muda: kuvuliwa cheo cha Malenga na kutoka nchini kabla ya jua kuzama. Niliipokea. Kisha wakamgeukia Sikudhani. Bwana Hatibu aliinama na kioo chake, akakagua mishono thelathini na mitano, akatangaza kwamba yote ni mizima na mikono yake haikugusa kitabu. Kilichobaki ni swali moja, na kila mtu pale alijua kwamba limeulizwa ili apate mlango wa kutokea.

"Mwanafunzi Sikudhani. Uliposikia kelele zile, ulisikia maneno? Au ulifanya tu kwa kumbukumbu yako?"

Mama yake alikuwa amekodi ngoma. Miaka mitatu. Mshono mmoja.

"Nilisikia maneno," akasema. "Nilisikia yote. Na jana nilipohesabu matone, yaliyozidi hamsini na sita niliyahesabu nikijua. Hilo ndilo mniandikie."

Akatoka. Tulidhani amekwenda kulia. Alirudi na mkasi mkubwa wa fundi Chumu, na fundi mwenyewe nyuma yake akikimbia na tepu shingoni. Akasimama mbele ya Baraza, akaingiza ncha ya mkasi katika lile tundu la kidole kidogo, akakata mishono yake mmoja mmoja, bila haraka, thelathini na mitano. Tuliusikia kila mmoja ukilia. Kisha akavua koti, akatoa Mwenza, akaliweka koti juu ya kiti cha Bwana Hatibu, na kitabu akabaki nacho.

"Huna tena ruhusa ya kugusa mgonjwa," mjumbe akasema.

"Sawa," akasema Bi Mashavu kutoka kitandani. "Basi mimi ndiye nitamgusa. Njoo hapa, mwanangu, kaa. Dawa yangu ya jioni utanisomea wewe. Hao wengine waje kuimba nikipona."

"Na mimi unisomee," akasema mgonjwa wa kitanda cha kumi. "Miezi minne sijui nameza nini."

Wajumbe walikunja viti vyao. Wakasema jambo hili litajadiliwa. Nilipokuwa natoka nilimwona Bingwa Mwinyikai amesimama mbele ya cherehani ya fundi Chumu, koti mkononi, wanazungumza kwa sauti ya chini sana. Alikuwa anaonyesha kwa vidole ukubwa wa tundu: dogo tu, la kuingiza kidole kimoja.

Mpakani alikuwapo ofisa yule yule. Wanaotoka nao huulizwa.

"Mara ya mwisho kufungua kitabu mbele ya mgonjwa?"

"Leo."

"Uliona haya?"

"Hapana," nikasema. "Haya niliyoiona ni ya jana."

Hakujua agonge muhuri upi. Nikapita.

Nimerudi wadini kwetu. Koti langu lina kiraka ubavuni, na mdomo wa mfuko una matundu thelathini na sita ya sindano ambayo sikuyaziba. Beti natunga bado, na bado sijaona anayenizidi. Lakini natunga za mapenzi na za kugombana na watu. Mstari ule wa figo sijauimba popote. Nimeuandika hapa ili ujue kwamba niliweza. Usimtibie mtu kwa huo.

Juzi mama mmoja aliletwa amevimba miguu, na daktari yule yule akaniuliza dozi mbele ya wadi nzima. Niliijua, au nilidhani naijua. Nikatia mkono mfukoni, nikachomoa kitabu, nikaanza kufunua.

"Wewe!" akasema. "Hii ni maktaba?"

Wagonjwa wakaanza kucheka. Nikaweka kidole kwenye ukurasa nisipotee.

"Subiri kidogo, daktari," nikamwambia. "Sijafika kwenye figo."